Mikesha Kumi na Mmoja

Kazini walimwita mume wangu Fundi Pamba, na jina likamganda mpaka barua zikawa zinafika nyumbani kwa jina hilo. Kwa miaka thelathini na minne kazi yake ilikuwa kuvua ndege ngozi na kuijaza pamba. Kwenye jumba la makumbusho kuna chumba cha nyuma ambacho wageni hawaingizwi. Humo mna makabati ya chuma yenye droo nyembamba, na ndani ya droo ndege wamelala chali, safu kwa safu, miguu imefungwa uzi na kikaratasi kinaning'inia. Kikaratasi kinasema ndege huyu alinaswa wapi, siku gani, na nani. Fundi Pamba alikuwa akisema ndege asiye na kikaratasi ni manyoya tu, heri umtie kwenye mto umlalie.

Sasa ni mwaka wa tatu tangu aanze kusahau. Mimi ananijua, ila kuna siku ananijua kama dada yake. Anavaa shati mwenyewe, vifungo nafunga mimi. Kula anakula vizuri, namshukuru Mungu.

Siku ile nilikuwa jikoni nachambua mchele akabisha mwanamke mmoja, mtu mzima wa miaka kama arobaini hivi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Akaniamkia, akasema anatoka kazini kwa mzee, yeye ndiye anayesimamia chumba cha ndege siku hizi. Nikamkaribisha. Moyoni nikampa jina la Miwani, maana kila akitaka kusema jambo zito aliivaa, na akishalisema akaivua.

"Nimekuja kumuuliza mzee habari za mikesha," akasema.

Fundi alikuwa kwenye kiti chake anakunja pindo la kitambaa cha meza, anakunjua, anakunja tena. Akamtazama mgeni kwa adabu zote.

"Bwana, umekunywa chai?"

"Nimekunywa, mzee. Asante."

"Basi mpe chai huyu bwana," akaniambia mimi.

Miwani akacheka kidogo, akaipokea chai bila kumsahihisha. Nikampenda hapo hapo, na ikaniuma, kwa sababu lilipotajwa neno mikesha nilikuwa nimeshaanza kumwogopa.

Niwaeleze mkesha ni nani, maana wengi wanapita naye kila siku wasimwone. Ni ndege wa chini, mgongo wa kahawia, kifua rangi ya chungwa, anapekua majani makavu kama mtu aliyedondosha sindano. Huku kwetu wako wa aina mbili, na ukiwaweka pamoja utaapa walitoka yai moja. Kifua kile kile, mabaka meupe yale yale kwenye bawa. Kinachowatofautisha ni jicho. Mmoja ana mduara mweupe unaolizunguka jicho lote bila kukatika. Mwenzake ana mduara huo huo, ila umekatika mbele na nyuma, kama bangili iliyovunjika. Wasomi wana majina yao marefu. Fundi Pamba aliwaita Pete Nzima na Pete Kata, na chumba kizima kikawaita hivyo. Pete Nzima anakaa msitu wa juu, mlimani kwenye ukungu. Pete Kata anakaa msitu wa bondeni, ila mara moja moja hupanda juu.

Miwani akaivaa miwani yake.

"Lile bonde nimelitembea miaka miwili, Bibi. Natega nyavu alfajiri, naondoka jioni. Pete Nzima sijamwona hata unyoya. Halafu nafungua droo nakuta watatu, kope zimechanika lakini ukichunguza pete ilikuwa nzima, wamejazwa na mzee, vikaratasi vinasema walinaswa bondeni."

"Labda zamani walikuwepo," nikasema.

"Labda. Au labda mzee aliandika tu."

"Aliandika tu vipi?"

Akamtazama Fundi, akashusha sauti. "Kuna watu walikuwa wanafanya hivyo. Mtu ananunua ndege kwa wategaji, anaandika msitu wowote unaomjia. Mimi sisemi mzee ni wa hivyo. Lakini mkubwa wangu anasema kama watatu wana shaka, basi wote waliopita mikononi mwake wana shaka. Wako mia tatu na kumi na wawili, Bibi. Orodha mpya inakwenda kuchapwa mwisho wa mwezi. Wa mzee watatolewa wote, wapelekwe kabati la chini."

"La chini ndilo lipi?"

"La watoto wa shule. Wakija kutembelea wanapewa washike."

Nikawaona wale ndege wanavutwa mabawa. Miaka thelathini na minne! Mtu aliyekuwa akinawa mikono mara mbili kabla ya kumgusa ndege mfu.

"Daftari lake la kazini lipo?" nikauliza.

"Bomba lilipasuka miaka ile, likaloa lote. Ndiyo maana nimekuja kwake. Nilidhani labda anakumbuka." Akaivua miwani. Fundi alikuwa amerudi kwenye pindo lake.

Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikarudi, nikauanza mchele upya kama sikuwa nimeuchambua.

Maana mimi nilikuwa najua.

Ni miaka arobaini na moja sasa. Jokofu la kazini lilikuwa limekufa, na Fundi alikuwa ametoka msituni na mikesha kumi na mmoja, sita wa juu, watano wa bondeni. Wangeoza. Akawaleta nyumbani ndani ya beseni, akawashughulikia kwenye meza ya jikoni kwa mkasi wake mdogo na sindano yangu ya kushonea. Sindano zangu zote zimepitia kwa ndege, mimi nilikuwa nashona nguo kwa zilizobaki. Akamaliza wote siku moja, na tayari homa ilikuwa imempanda, mikono inamtetemeka. Akawalaza kwenye sinia, kila mmoja juu ya kikaratasi chake. Kikaratasi alikuwa akikifunga mguuni ngozi ikishakauka, hakupenda kuwabughudhi wakiwa wabichi. Akaniambia, "Usiwaguse, hawajakauka. Na dirisha usifungue." Kisha akaanguka kitandani siku tatu.

Nilikuwa na mimba ya binti yetu, mwezi wa nane. Ile harufu ya dawa na nyama na pamba yenye unyevu ilikuwa inanipanda kichwani. Siku ya pili sikuweza tena. Nikafungua dirisha, kidogo tu, kiasi cha kutoa pua. Upepo ukaingia kama umeitwa. Sinia ikayumba, vikaratasi vikaruka, wale ndege wepesi kama maganda wakaviringika wakarundikana pembeni.

Nilipiga magoti na tumbo langu lile nikaviokota. Vyote kumi na kimoja nilivipata, hata kimoja hakikupotea, na hilo wakati ule niliona ni bahati! Kisha nikawapanga. Fundi alikuwa amenifundisha, nilijua pete nzima na pete iliyokatika. Niliangalia jicho moja moja. Wenye pete nzima nikawapa vikaratasi vya juu, wenye iliyokatika vya bondeni. Hesabu ikagoma. Pete zilizokatika zilikuwa nane, vikaratasi vya bondeni vitano. Nikawaangalia tena, nikaona labda macho yangu, nikagawa ilimradi kila ndege apate chake.

Nilichokuwa sikijui siku ile ni kwamba ukitoa jicho na kutia pamba kwa mkono unaotetemeka, kope inachanika. Pete nzima inakuwa pete kata. Fundi alikuwa amewachana watatu kwa homa yake, na yeye alijua ni wepi, maana alijua kila ndege alilala wapi kwenye sinia. Mimi ndiye sikujua.

Alipoamka siku ya tatu, amekonda, akauliza, "Hukuwagusa?"

"Sikuwagusa."

Akavifunga vikaratasi kimoja kimoja, kwa jinsi nilivyovipanga, kwa kuniamini. Kisha tukapata mtoto, tukapata mambo mengine, na mikesha wakaenda kulala kwenye droo yao.

Jioni ya siku aliyokuja Miwani nikamwambia mume wangu. Nilikaa kwenye kigoda mbele yake nikamshika magoti. "Baba, wale mikesha kumi na mmoja, niliwagusa. Nilifungua dirisha."

Siku hiyo alikuwepo, naliona jicho lake lilivyotulia. "Ulikuwa na mimba," akasema. "Harufu ile hata mimi ilinishinda. Yaishe, mama." Akanigusa kichwa. Nililia kama mtoto. Nikaenda kuosha uso, niliporudi akaniuliza kama dada yetu mkubwa ameshafika, naye tulimzika zamani.

Kesho yake nikasema nihakikishe, nikamwambia tena. Safari hii alinitoa mkono magotini. "Ulisema hukuwagusa. Nilikuuliza ukasema hukuwagusa." Akageukia ukuta. Mchana hakula mkononi mwangu, akala kwa binti yetu aliyepita kutujulia hali. Binti akanifuata jikoni. "Mama, umemfanya nini baba?" Nikasema hakuna. Saa kumi alikuwa ananiita nije nimfunge vifungo, anatabasamu, hajui kwamba tumegombana.

Siku ya tatu nilimvalisha koti, tukapanda gari la kukodi mpaka makumbusho. Mlinzi wa getini ni mzee mwenzake, alibakizwa kazini kwa huruma.

"Fundi Pamba!" akapiga kelele. "Umekuja na wewe ujazwe?"

"Pamba ya siku hizi mbovu," Fundi akajibu bila kusita. "Nitabonyea."

Walicheka mpaka mlinzi akashika geti. Moyo wangu ukanyanyuka. Nikajiambia leo yuko vizuri, leo Mungu amenisikia.

Miwani alitupokea kwenye chumba cha nyuma. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama: homa, dirisha, sinia, pete nane na vikaratasi vitano. Nikamwambia mzee hajaandika uongo hata siku moja, mwongo ni mimi, waondoe hawa kumi na mmoja wamwachie wale wengine.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanivutia kiti.

"Nakuamini, Bibi," akasema. "Lakini mkubwa ataniambia mke anamtetea mumewe. Neno tupu halitoshi."

"Basi wapange wewe. Wewe unawajua. Wale watatu wape vikaratasi vya juu, mambo yaishe."

Akatikisa kichwa. "Hapo ndipo ugumu ulipo. Nikiwapanga kwa ninavyoamini mimi, ndege hataniambia kitu tena. Mimi ndiye nitakuwa namwambia yeye. Kikaratasi ni ushahidi wa aliyekuwepo siku ile." Akamtazama Fundi. "Na aliyekuwepo ni mmoja."

Akaivuta droo. Mikesha wetu wakatoka, kumi na mmoja, kifua kimefifia kidogo kutoka chungwa kuwa kama udongo, kwenye jicho weupe wa pamba. Akavikunja vikaratasi vyote vikafichwa chini ya mikia, akawalaza juu ya kitambaa cheupe mezani.

"Mzee," akasema taratibu, "hawa wa wapi?"

Fundi akaenda kwenye sinki akanawa mikono. Akarudi, akasita, akaenda akanawa tena. Akakaa. Akamchukua wa kwanza, akamlaza kiganjani, akampuliza kifuani manyoya yakafunguka.

"Wa juu huyu. Mvua ilikuwa inanyesha." Akamweka kushoto. Akachukua mwingine. "Bondeni. Huyu alininyea mkononi, mshenzi huyu." Kulia. "Wa juu. Hii kope nimeichana mimi, nilikuwa naumwa. Wa juu. Bondeni…"

Nilikuwa nimeushika mkoba wangu kwa mikono miwili. Alipomaliza walikuwa sita kushoto, watano kulia. Miwani akavikunjua vikaratasi, kimoja kimoja, na midomo yake ilikuwa inahesabu. Wale watatu wake wote walikuwa kushoto, msitu wa juu. Na watatu waliokuwa wamepewa nafasi yao kimakosa, kulia.

"Bibi," akanong'ona. "Sogea uone, Bibi." Akatoka mbio kumwita mkubwa wake.

Mkubwa alikuja, mtu mnene wa tai, akamsalimia Fundi kwa heshima, akasema mzee ndiye aliyemfundisha yeye kushika kisu alipoanza kazi. Akasikiliza habari yote. Akazitazama zile safu mbili kwa muda.

"Arudie," akasema. "Nikiwa naona mwenyewe. Akiwapanga hivi hivi mara ya pili, nasaini, wale wengine hakuna atakayewagusa."

Miwani akawachanganya, akavikunja vikaratasi. Fundi akamchukua wa kwanza, akampuliza. Akamgeuza. Akamweka kulia.

Alikuwa yule wa mvua.

Nikataka kusema, nikaona Miwani ananitazama, nikabana midomo. Akachukua wa pili, akamweka kulia. Wa tatu kulia. Akarudi akamhamisha wa kwanza kushoto, akamhamisha tena kulia. Mikono yake ilikuwa laini vile vile, ya fundi, hakuna aliyevunjika hata unyoya. Ila ilikuwa haijui inakokwenda. Nilitamani niishike kama ninavyoishika wakati wa kumvisha shati, niipeleke panapostahili, na hata kama ningeruhusiwa nisingejua pa kuipeleka.

Mwisho aliacha kuwagawa. Aliwapanga wote kumi na mmoja mstari mmoja, vichwa upande mmoja, sawasawa kama kwa rula. Mkubwa akanyoosha kidole kuuliza kitu, na Fundi akamzuia mkono.

"Usiwaguse," akasema. "Hawajakauka."

Mkubwa akavua tai, akaikunja mkononi. "Mara ya kwanza inaweza kuwa bahati, mama," akaniambia. "Mnisamehe. Siwezi kuandika kwamba nilimwona akijua."

"Si bahati," Miwani akasema. "Alitaja kope."

"Kope wote tunaiona imechanika."

Hakuna aliyekosea pale, na hilo ndilo lililonimaliza. Ningempata wa kumlaumu ningempigia kelele mpaka getini.

Miwani akaniletea karatasi na kalamu. Akasema niandike yaliyotokea, ataiweka ndani ya faili la ile droo, labda siku moja mtu ataisoma.

"Nani?"

Akanifungulia kalamu. Shule mimi nilisoma darasa la tatu nikatolewa kulea wadogo zangu, na mwandiko wangu mkubwa, karatasi iliisha mapema. Niliandika: Mimi ndiye niliyefungua dirisha. Mume wangu alikuwa mgonjwa, hajui. Hajawahi kuandika uongo. Nikaweka dole gumba pia, ingawa hakuniomba. Kwa wale kumi na mmoja Miwani alikata vikaratasi vipya, na kwenye kila kimoja, chini ya jina la ndege, akaandika: mahali hapajulikani. Wakati tunatoka kijana wa usafi alikuwa anasukuma kitoroli cha masanduku kuelekea ngazi za chini. Sikutaka kujua ya nini.

Getini mlinzi akauliza, "Vipi, hawakukujaza?"

Fundi akatabasamu, akampa mkono kama mtu asiyemjua.

Tulifika nyumbani saa nane. Nikampa maji, nikamkalisha jikoni karibu nami maana sikutaka kukaa peke yangu. Nilishasamehewa mara moja na kukataliwa mara moja, na vyote viwili vimepotea, sina hata kimoja cha kushika. Nikajaribu tena.

"Baba. Ndege wako wanaondolewa. Kwa sababu yangu. Nilifungua dirisha."

"Dirisha gani?"

Nikamwonyesha. Ni lile lile, kitasa tu ndicho tulichobadilisha. Lilikuwa wazi, pazia linapepea.

Alilitazama kwa muda, uso umeingia wasiwasi, kama mtu aliyeacha kitu jikoni na hakumbuki ni kitu gani.

"Basi lifunge," akasema.

Nikalifunga. Nikasukuma na komeo. Jua la saa nane lilikuwa limekaa juu ya bati, na jiko bado lilikuwa na makaa ya asubuhi. Tukakaa humo ndani, yeye anaangalia meza iliyo tupu, mimi mikono yangu nimeiweka mapajani, na kila nilipotaka kuinuka nilifungue alinitazama, nikakaa.